Majani ya mpera, utando wa mtungi na uhai wa mtoto

  

Wiki hii safu yetu inaingia katika jambo linaloulizwa mara nyingi kwenye baraza za misikiti na katika darasa za akina mama, hasa mvua zinapoanza na matumbo ya watoto yanapochafuka. Swali lenyewe ni hili: ikiwa wataalamu wa maabara wanakiri kuwa majani ya mpera, karafuu na maganda ya komamanga yana nguvu juu ya bakteria wa kuharisha, kuna haja gani tena ya kumkimbiza mtoto zahanati? Wapo wanaosambaza habari hii katika simu kwa nia njema, tena kwa fahari, wakiona kwamba tiba ya mababu imepata ushahidi.

Jibu letu ni kwamba habari hiyo ni ya kweli kwa sehemu, na ile sehemu isiyotajwa ndiyo inayoweza kumgharimu mtoto uhai wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuharisha huua zaidi ya watoto 400,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano kila mwaka. Kwa hiyo suala hili halifai kuachwa kwenye ujumbe wa mistari miwili. Tulitazame kwa utulivu, tuanze na kile ambacho majani hayo yanasemekana kukizuia.

Utando ni nini?

Ingiza mkono ndani ya mtungi au ndoo iliyokaa na maji siku nyingi bila kusuguliwa, upitishe kidole ukutani kwake. Utahisi utelezi. Maji huenda yakaonekana meupe kabisa, lakini ukuta wa chombo umevikwa kitu laini kama ute. Huo ndio utando wa bakteria, ambao wataalamu huuita bayofilmu.

Kwa muda mrefu watu walidhani bakteria huishi mmoja mmoja, akielea majini kama punje ya vumbi. Leo inajulikana kuwa wengi wao hupenda kuishi kwa jamaa. Bakteria wachache hujibandika juu ya kitu, iwe ni ukuta wa tangi, bomba, mpira wa chupa ya mtoto au utumbo wa mwanadamu. Kisha huzaliana na kutoa ute unaowafunika wote kama dari na kuta za nyumba. Ndani ya nyumba hiyo hupeana habari kwa kemikali, na idadi yao inapotosha hubadilisha mwenendo wao kwa pamoja. Baadaye sehemu ya utando hubanduka, na wakazi wake hutoka kutafuta makao mapya.

Faida kubwa wanayoipata ni ulinzi. Dawa inayomuua bakteria aliye peke yake majini huenda isimfikie mwenzake aliyejificha chini ya utando, na wengine walio ndani kabisa hupunguza shughuli zao kiasi kwamba dawa haipati mahali pa kuwashika. Ndiyo maana bakteria waliomo ndani ya utando wanaweza kustahimili kipimo cha dawa kilicho mara kadhaa, hata mara mia kadhaa, zaidi ya kile kinachowaua wanapokuwa nje.

Jambo hili lilichungulika zamani. Katika miaka ya 1680, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikwangua uchafu mweupe wa meno yake, akautazama kwa lenzi alizozisugua mwenyewe, akaona viumbe vidogo vinavyojongea. Aliposukutua kwa siki alibaini kuwa vilikufa vile vya nje tu, na vilivyokuwa ndani ya utando wa meno vikabaki hai. Sisi Waislamu hatuna budi kukumbuka hapa jinsi Mtume (s.a.w.) alivyohimiza mswaki kabla ya kila Swala. Utando wa meno hauondoki kwa kumwagiwa dawa juu yake. Huondoka kwa kusuguliwa. Fundisho hilo tulishike, kwani tutalihitaji tena mbele.

Bakteria kadhaa wanaoleta maradhi ya kuharisha wana tabia hii ya utando: aina mbalimbali za E. coli, Salmonella, na Vibrio cholerae ambaye ndiye bakteria wa kipindupindu.

Majani katika maabara

Sasa tuje kwa mimea. Watafiti katika nchi nyingi wamekuwa wakijiuliza: ikiwa kuwaua bakteria hawa kwa antibiotiki kunazidi kuwa kugumu kwa sababu ya usugu, je, haiwezekani kuwazuia wasijenge nyumba yao? Bakteria aliyekosa utando hubaki uwanjani, na huko kinga ya mwili na dawa humfikia kwa urahisi.

Njia ya kupima ni nyepesi kuieleza. Majani hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa katika maji, spiriti au kimiminika kingine kinachonyonya viambato vyake. Kimiminika hicho huchujwa na kukaushwa mpaka kinapatikana kiini. Kiini hicho hupimwa uzito na kuwekwa kwa viwango tofauti katika sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo 96, pamoja na bakteria na chakula chao. Baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha, sahani huoshwa ili bakteria wanaoelea waondoke, kisha hutiwa rangi ya zambarau. Palipojengwa utando rangi hushika. Palipokosekana utando rangi huondoka na maji. Mashine husoma ukolezi wa rangi, na mtafiti hujua ni kiwango gani cha kiini kilichozuia ujenzi, na kwa kiasi gani.

Matokeo yaliyopatikana kwa njia hii na nyingine zinazofanana nayo yana uzito wake. Mwaka 2010 watafiti wa Mumbai, India, walichapisha kazi yao juu ya maji yaliyochemshiwa majani ya mpera. Walikuta kuwa maji hayo yaliwadhoofisha bakteria wa kipindupindu na wa kuhara damu, yalipunguza sumu ya kipindupindu, na yaliwazuia baadhi ya E. coli wasijibandike juu ya seli zilizooteshwa maabara. Kujibandika ndiyo hatua ya kwanza ya uvamizi, na ndiyo hatua ya kwanza ya utando pia.

Mwaka 2013 watafiti wengine wa India walionyesha kuwa kiini cha komamanga kilizuia ujenzi wa utando wa bakteria kadhaa, E. coli wakiwemo. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya karafuu, zao ambalo sisi wa mwambao tunalijua kuliko wengi. Watafiti wa Korea Kusini walionyesha kuwa mafuta ya karafuu, pamoja na kiambato chake kikuu kiitwacho yujenoli, kwa kiasi kidogo mno, yaliwazuia wasijenge utando E. coli wa aina ile hatari inayoleta kuharisha damu. Jambo la kuvutia ni kwamba kiasi hicho hakikuwaua bakteria wala kuwazuia kuzaliana. Kiliwanyima nyumba tu.

Basi anayesema kuwa hekima ya bibi zetu waliochuma majani machanga ya mpera ilikuwa ujinga mtupu, hajasema kweli. Allah Mtukufu ameweka katika mimea yake manufaa mengi, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yameteremshiwa na dawa. Kuitafuta dawa hiyo kwa subira na vipimo ni sehemu ya kuyafanyia kazi mafundisho hayo.

Umbali kati ya sahani na tumbo

Hata hivyo, sahani ya plastiki si tumbo la mtoto. Kati ya viwili hivyo kuna umbali ambao ujumbe wa simu hauutaji, na umbali huo una mambo manne.

La kwanza ni kipimo. Katika maabara kiini hupimwa kwa mizani nyeti. Jikoni, konzi ya majani ya mti huu si sawa na konzi ya majani ya mti ule; majani machanga si sawa na makavu; na sufuria iliyochemka dakika tano si sawa na iliyochemka saa nzima. Tena kile kilichokolea ndani ya kishimo kidogo huzimuliwa tumboni na maji na chakula.

Wanazuoni wetu walilielewa suala la kipimo karne nyingi kabla ya maabara hizi. Wengi tunaikumbuka Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim kuhusu mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) kumlalamikia tumbo la nduguye, akaelekezwa amnyweshe asali, akarudi tena na tena akiambiwa vivyo hivyo, mpaka mgonjwa akapona. Imam Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, alipoieleza Hadithi hii alisema kuwa katika kule kurudiarudia kuna maana nzuri ya kitabibu: dawa lazima iwe na kiasi kinacholingana na hali ya ugonjwa. Ikipungua haiondoi maradhi, na ikizidi hudhuru. Maneno hayo hayabomoi imani ya mtu juu ya asali; yanamfundisha adabu ya kutibu. Na kwa kuwa tumeitaja asali, mzazi ajue kuwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambao utumbo wake mchanga hauwezi kuwashinda.

La pili ni sumu. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa salama. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika katika jarida la Lancet habari za watoto wachanga 13 waliopewa mafuta ya mwarobaini na wazazi wao kwa maradhi madogo madogo. Watoto hao walianza kutapika, wakalegea kwa usingizi usio wa kawaida, wakapatwa na degedege. Mafuta ya karafuu nayo, yakinywewa na mtoto mdogo, yanaweza kuliumiza ini lake. Karafuu ndani ya pilau ni kiungo. Mafuta yake ndani ya kijiko cha mtoto ni jambo jingine kabisa.

La tatu ni aina ya ugonjwa. Kuharisha si maradhi ya bakteria peke yao. Kwa watoto wachanga, mmoja wa visababishi vikubwa ni kirusi cha rota, na kirusi si bakteria. Hakijengi utando huu tunaouzungumzia. Kinga yake kubwa ni chanjo, ambayo Tanzania iliiingiza katika ratiba ya kawaida ya watoto mwaka 2013, na hutolewa kwa matone mtoto akiwa na wiki 6 na wiki 10. Mama anayetazama nepi hawezi kujua kwa macho kama mwanawe ana kirusi, bakteria au sumu ya chakula.

La nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni muda. Mtoto anayeharisha hafi kwa sababu bakteria hawajaisha tumboni. Hufa kwa sababu maji na chumvi vimemtoka mwilini kuliko vilivyoingia. Kipindupindu kikali kinaweza kumkausha mtu mzima kwa saa chache tu. Ikiwa saa hizo zimetumika kuchuma, kuchemsha, kupoza na kusubiri matokeo, basi hata majani yangekuwa na nguvu zote zinazosifiwa, yangemkuta mgonjwa ameshachelewa.

Maji, chumvi na sukari

Dawa iliyookoa watoto wengi kuliko nyingine yoyote katika maradhi haya haiui bakteria hata mmoja. Ni maji yenye chumvi na sukari, ambayo zahanati hutupa kwa jina la ORS. Msingi wake ni kwamba utumbo, hata ukiwa mgonjwa, hupokea chumvi vizuri inapofuatana na sukari, na chumvi ikipita huvuta maji pamoja nayo.

Ushahidi wake ulikuja katika mazingira ya dhiki. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa taifa la Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi walivuka kuingia India, na kipindupindu kikazuka makambini. Katika mji wa Bangaon, Dkt. Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika mishipani huku wagonjwa wakilala sakafuni. Akaamua kuchanganya chumvi na sukari katika maji, kuyaweka katika mapipa, na kuwaagiza ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kikombe baada ya kikombe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Baadaye, katika miaka ya 1980, shirika la BRAC liliwatuma wanawake kupita nyumba kwa nyumba katika Bangladesh nzima kuwafundisha akina mama wenzao kutengeneza maji hayo, na mamilioni ya kaya yakafikiwa. Hivyo ndivyo elimu ndogo ilivyoingia jikoni na kuokoa umma.

Basi, ndugu mzazi, mtoto akianza kuharisha fanya haya:

Mpe ORS mara moja. Changanya pakiti kwa kiasi cha maji salama kilichoandikwa juu yake, wala usikisie, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kikubwa kila anapopata choo chepesi. Aliyezidi hapo apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea kwa kijiko, kidogo kidogo.

Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji salama, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa na wala si vya kilima. Chumvi ikizidi ina madhara, hivyo chunga kipimo.

Usimkatize ziwa wala chakula. Imani kwamba tumbo lipumzishwe kwa njaa humdhoofisha mtoto zaidi.

Muulize mhudumu wa afya juu ya vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Hufupisha ugonjwa na kupunguza uwezekano wa kurudi. Antibiotiki usimpe kwa uamuzi wako. Zina mahali pake, kama vile kwenye kuhara damu, na anayepajua ni tabibu.

Mkimbize kituo cha afya bila kungoja, huku ukiendelea kumnywesha njiani, ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, utosi umebonyea, analia bila machozi, hakojoi, amelegea, hawezi kunywa, au anatapika kila kitu.

Mzazi akishayatimiza hayo, kisha mtoto mkubwa au mtu mzima akataka kunywa maji yaliyochemshiwa majani ya mpera, suala hilo amweleze mhudumu anayemtibu. Lisilokubalika ni majani kuchukua nafasi ya ORS. Wala tusimdanganye Mola wetu kwa jina la tawakkul. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.), katika Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, kuwa anayejitia katika utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Anayesambaza tiba asiyoijua kwa watu mia moja na aitafakari dhamana hiyo kabla hajabonyeza.

Twahara si usalama

Tumalizie mahali ambapo elimu hii ya utando inatuhusu leo hii bila kusubiri maabara yoyote, nako ni kwenye vyombo vyetu vya maji.

Katika fiqhi ya madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, maji yaliyobadilika kwa kukaa muda mrefu, kwa udongo, au kwa ukungu wa kijani uotao majini hayatoki katika sifa ya kuwa masafi yenye kusafisha. Imam Nawawi ameyataja hayo waziwazi katika Minhaj. Ni rukhsa na rehema, kwa sababu ni vigumu kuyaepuka, na udhu wa anayeyatumia ni sahihi. Lakini hukumu hiyo inajibu swali la ibada. Haikusudii kujibu swali la mama anayetaka kumkorogea mtoto uji. Maji yanaweza kuwa twahara kwa udhu na yasiwe salama kwa kunywa, na anayechanganya mambo haya mawili huenda akafanya yaliyo sahihi msikitini na ya hatari nyumbani.

Sisi tunaofanya kazi katika kamati za misikiti tunalijua tangi la udhu lilivyo ndani pale linapofunguliwa baada ya miezi mingi: tope chini, utelezi kutani. Nyingi ya koki hizo hizo ndizo watoto wa madrasa hukinga viganja na kunywa wakati wa mapumziko. Kumwaga klorini juu ya utelezi ule na kufunga mfuniko ni sawa na kusukutua siki juu ya meno yenye utando. Wa juu watakufa, na wa chini watabaki. Utaratibu sahihi ni kulimwaga tangi lote, kuondoa tope, kusugua kuta na sakafu kwa brashi ngumu, kusuuza, kisha ndipo kutia maji yenye klorini kwa kipimo kilichoelekezwa kwenye dawa, kuyaacha yakae, kuyamwaga na kujaza upya.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Mara nyingi maji hutoka bombani au kisimani yakiwa na nafuu, yakachafuka baada ya kufika nyumbani. Mtungi na ndoo visuguliwe kwa brashi na sabuni kila wiki kabla ya kujazwa tena, badala ya kuongeza maji mapya juu ya mabaki. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, kisha yahifadhiwe katika ndoo yenye mfuniko na koki, ili mkono na kata visiingie ndani. Chupa ya mtoto ni hatari zaidi, kwa kuwa chuchu yake ina mikunjo ambamo utando hujificha. Kikombe cha wazi ni rahisi kusafisha, na ziwa la mama halihitaji kusafishwa kwa brashi. Yote haya hayako mbali na Sunna. Mtume (s.a.w.) aliamrisha vyombo vifunikwe usiku na viriba vifungwe, alikataza kupumulia ndani ya chombo cha kunywea, alikataza anayeamka usingizini kutumbukiza mkono katika chombo kabla ya kuuosha, na alionya dhidi ya kujisaidia kwenye vyanzo vya maji.

Bangladesh imetupa mfano mmoja zaidi. Watafiti walitambua kuwa bakteria wa kipindupindu majini hujibandika kwa wingi juu ya vijidudu vinavyoelea, ambavyo ni vikubwa kuliko wao. Katika vijiji 65 vya Matlab, wanawake walifundishwa kuchuja maji kwa kitambaa kikuukuu cha sari kilichokunjwa mara kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa ugonjwa ulipungua kwa asilimia 48 katika kaya zilizochuja kwa sari ikilinganishwa na zile ambazo hazikuchuja. Kitambaa hakitoshi peke yake, kwani nusu nyingine ilibaki, na kuchemsha kunabaki kuwa lazima. Hata hivyo kinatuonyesha kuwa anayejua adui anajishika wapi hupata njia ya kumpunguza hata kwa kitu kilichomo kabatini.

Heshima ya miti yetu

Hatusemi haya ili kuwavunjia heshima wenye elimu ya miti shamba. Nchini Tanzania tiba asili inatambuliwa na Sheria Namba 23 ya mwaka 2002, lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao, na ipo Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili inayochunguza mimea yetu. Mganga mwenye elimu ya kweli apeleke mti wake huko upimwe. Zipo dawa zilizopita njia hiyo mpaka mwisho. Utomvu mwekundu wa mti mmoja wa Amerika Kusini, uliotumiwa na wenyeji wa Amazon kwa kuharisha, ulichunguzwa kwa miaka mingi, ukatenganishwa kiambato chake, ukajaribiwa kwa wagonjwa, na mwishoni mwa mwaka 2012 Marekani ikaidhinisha kidonge chake kwa ajili ya watu wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi na kusumbuliwa na kuharisha. Si kwa kila kuharisha, wala si kwa kila mtu. Huo ndio mwendo wa dawa: hujulikana inamfaa nani, kwa kiasi gani, na inamdhuru nani. Huenda siku moja, insha Allah, mpera au mkarafuu nao ukafika huko.

Mpaka siku hiyo ifike, kila nyumba ya Kiislamu na iwe na pakiti mbili tatu za ORS mahali panapojulikana na wote, pamoja na brashi ya kusugulia mtungi. Kila kamati ya msikiti iweke tarehe ya kuosha tangi na kuiandika ukutani, na walimu wa madrasa wawafundishe watoto tofauti ya maji ya udhu na maji ya kunywa. Ni mambo madogo, lakini Qur'ani imetufundisha uzito wa kuihuisha nafsi moja.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awahifadhi watoto wetu, na atupe elimu yenye manufaa na uwezo wa kuifanyia kazi. Amin.

Wabillahi tawfiq.